Upana wa Vitanda Viwili

Haya ndiyo makubwa! Mwaka huo wa 2001, pale Vulamba mjini Butembo, Mama Kahongya alijilaza chali kwenye udongo mbichi mchana kweupe, na kitenge chake cha kanisani mwilini, wala hakuona haya hata chembe. Mwanawe Muyisa, fundi seremala, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kufunga kamba kwenye vijiti ubavuni mwa nyumba, amwonyeshe chumba atakachomjengea. Upana, metre moja na sentimetre themanini.

"Mama, simama! Batu ya pikipiki banakuangalia."

"Baangalie. Jokébed, mukwe wangu, kuya ulale hapa."

Jokébed, mke wa Muyisa, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akajilaza sambamba na mama mkwe, huku anacheka mpaka machozi.

"Vitanda ni mbili, na kati yake tunaacha nafasi ya kupiga magoti tusali," Kahongya alisema. "Umeona? Mukono ya bibi yako Jokébed iko inje ya kamba. Panua."

Muyisa akakuna kichwa. Kutoka ukuta wa nyumba hadi mpaka wa jirani, Papa Siméon, palikuwa na metre mbili na nusu tu. Chumba cha vitanda viwili kingetaka mbili na arobaini, na ukiongeza ukingo wa paa, mvua yote ingemwagikia kwa Siméon. Na huku kwetu, jamani, kata hata mti wa jirani, mtasameheana. Lakini umwagie maji ya paa lako parsele yake, kiwanja chake! Kesi hiyo watairithi wajukuu.

"Donc haiwezekani, Mama. Kitanda moja inatosha."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini mvua ilikuwa kisingizio tu. Kitanda cha pili kilikuwa cha Kanyere, dada mkubwa wa mama yake. Miaka miwili nyuma wote wawili walikimbia vita Kamango, na kabla ya kuvuka mto Semliki, Kanyere, mbishi kama walivyo wote wa ukoo huo, aligeuka kumfuata mbuzi wake. Tangu hapo kimya. Muyisa aliwauliza wafanyabiashara wote waliotoka Beni, mpaka akachoka kuuliza. Aliogopa kitanda kitupu kimtazame mama yake kila asubuhi. Heri kugombania mvua.

Kahongya akainuka, akajipangusa udongo, akamkazia macho.

"Muyisa. Siku atafika, akute kitanda moja, atajua sisi tulishamuzika. Utamwambia nini?"

Muyisa akachukua kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa Siméon, mzee ambaye kila baada ya mvua kubwa hutoka kukagua mpaka wake.

Siméon alisikiliza hadi mwisho, akatazama juu, akatazama chini.

"Nani atalala mule?"

"Mama, na mama mukubwa."

"Huyo mama mukubwa, iko wapi?"

"Iko njiani," Muyisa alijibu, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Siméon akasema, "Maji ianguke tu. Nitaweka pipa pale. Bibi yangu anachoka kupanda kilima na bidon ya maji. Mais pipa ikikosa kujaa, nitakuya kulalamika!"

Lo, Muyisa alimshika mikono yote miwili, akarudi nyumbani karibu kukimbia. Akang'oa vijiti, akavisogeza. Wiki tatu hazikupita, mbao zikawa zimesimama, tole za bati zimepigiliwa paani, na vitanda viwili vya mikaratusi viko ndani, vinanukia.

Kahongya aliingia, akapiga magoti katikati kujaribu nafasi, akatosha. Akaweka mzigo wake kwenye kitanda cha ndani.

"Ya karibu na mulango ni ya Kanyere," alisema. "Atafika na miguu inamuuma, asitembee sana."

Muyisa hakubisha. Alikwenda chumbani kwake, akaleta blanketi, akalitandika vizuri kwenye kitanda cha mlangoni. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua karakana, alipitia kwanza sokoni kuwauliza waliofika jana kutoka Beni.