Sinia la Bi Mwanamina na Picha Iliyopigwa Angani

Jumanne, Mei 19, 1998, ofisa mmoja wa uvuvi alishuka kijijini Nyamisati na picha ya rangi mkononi. Aliibandika ukutani kwenye banda la samaki, akawaambia wavuvi kwamba setelaiti ndogo imeitazama bahari yao kutoka angani, ikaiona kijani tupu. Kijani ni chakula cha kamba, akasema. Kwa hiyo meli kubwa za kukokota nyavu zimeruhusiwa kusogea hadi kwenye midomo ya mto.

Baada ya siku tisa meli zikafika. Wiki hiyohiyo zikapita na nyavu nne za mvuvi Kondo.

Mke wa Kondo, Mwanamina Sadala, alikuwa anajua kwamba picha imekosea. Hakuna aliyemuuliza. Wakubwa wetu ndio hao, karatasi ya rangi wanaiamini kuliko macho ya mtu.

Saa sita kasorobo mchana, Agosti 1999. Bi Mwanamina, miaka 46, amesimama mtumbwini, mumewe ameshika kasia, naye anateremsha sinia jeupe majini kwa ugwe wenye mafundo.

“Tuliza mtumbwi, baba Salwa, hapa si ngomani!”

“Mimi nimetulia, mama Salwa. Bahari ndiyo inacheza.”

Sinia linapotea machoni. Anahesabu mafundo yaliyozama, anaandika kwenye daftari: matatu, maji kama chai.

Saa hizi ndipo setelaiti inapita. Anachokiona yeye hapa chini kinalinganishwa na kinachoonekana kule juu. Ni kibarua cha taasisi moja ya utafiti, shilingi 1,500 kwa siku ya kupima. Shule aliishia darasa la nne, lakini daftari lake lina vipimo 214, na hakuna hata kimoja alichobahatisha.

Kisahani cha kitaalamu cha kupimia uangavu wa maji alichopewa kilichukuliwa na mafuriko. Akaomba kingine, akaambiwa asubiri bajeti. Angesubiri mpaka leo. Alitoboa sinia la harusi yake, akalifunga jiwe chini, akaendelea na kazi.

Abdulkarimu, mtaalamu wa taasisi hiyo, alipokuja alicheka. “Mama, hili si la pilau?”

“Pilau iko wapi siku hizi, mwanangu? Acha sinia lioge.”

Mtaalamu akashusha kisahani chake kipya sambamba na sinia, mara ishirini. Mara kumi na tisa vilipotea kwenye fundo lilelile.

“Ile moja alipepesa macho yeye,” anasema Bi Mwanamina.

Daftari ndilo lililofichua kosa. Mto unaleta tope, na majani ya mikoko yakioza yanakoleza maji. “Kile chombo cha juu kinaona chai, kinadhani mboga,” anaeleza. Kwa vipimo vyake wataalamu walirekebisha hesabu zao, na Januari mwaka huu ikatoka picha mpya. Kijani kimebaki kidogo tu.

“Picha ile ina mkono wa mama huyu,” anasema Abdulkarimu.

Meli bado zipo. Kondo alikuwa akipata ndoo tatu za kamba kwa siku, sasa hata moja haijai.

Bi Mwanamina amepanga kupima mpaka maji yote ya delta yaingie daftarini. Wiki iliyopita alilipeleka kwenye mkutano Ikwiriri, akasimama mbele ya ofisa yuleyule.

“Picha ya uongo ilileta meli kwa siku tisa,” alimwambia. “Picha ya kweli ina mwezi wa saba sasa. Meli zinaondoka lini, bwana mkubwa?”