Baridi ya Karisimbi

Nilipokuwa mtoto mdogo kule mtaa wa Biryogo, nilijua vizuri kuliko padri mahali watu wanapokwenda wakifa. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenieleza. Aliyebandwa, yaani aliyeingizwa katika siri ya wazee ambayo kanisa liliikataza, hupanda mlima Karisimbi kwenye baridi na ukungu, akapumzika. Asiyebandwa hutupwa Nyiragongo, mlima unaowaka moto. Bibi alikwenda misa kila Jumapili na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo.

Mwanawe Kalisa, baba yangu mdogo, alikufa kijana. Alipokuwa mgonjwa Bibi alimpeleka akabandwe, na hilo tu ndilo lililomtuliza baada ya mazishi.

Binti wa mwisho wa Bibi, shangazi Immaculée, alikuwa amesomea miamba. Jumapili moja, vita vikiwa vimeshaanza kaskazini, tulikuwa tunakula mchana umeme ukakatika. Baba akanung'unika. Shangazi akacheka, akasema iko siku umeme utatoka ardhini. Mvua hupenya kwenye nyufa, ikakutana na mawe ya moto huko chini. Ukichimba, mvuke unapanda na kuzungusha mashine. Yeye na wenzake walikuwa wameshapima maji ya chemchemi za moto za Gisenyi.

“Na hayo mawe ya moto yako wapi?” baba aliuliza.

“Tunadhani chini ya Karisimbi.”

Bibi akaweka sahani chini. “Karisimbi iko moto?”

“Chini sana, mama. Juu ni baridi.”

“Na Kalisa iko juu ao chini?”

Tangu siku hiyo Bibi akakataa kila kitu cha moto. Maharagwe aliyaacha yapoe kabisa, chai hakuigusa. Alisema hawezi kushiba vya moto na mtoto wake anaungua. Alikonda. Nilimchukia shangazi, jinsi mtoto anavyoweza kuchukia, kwa moyo wote.

Alasiri moja shangazi alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani karibu naye.

“Mama, sisi hatujachimba. Tumepima maji tu, na maji yanatembea mbali, huenda moto wake uko kwingine. Nilisema tunadhani.”

“Hujui?”

“Sijui. Hakuna anayejua mpaka tuchimbe.”

“Basi musichimbe mimi nikiwa hai.”

“Hatutachimba, mama.”

Bibi akaagiza uji, akaunywa ukiwa unatoa moshi. Nikiwa mkubwa ndipo nilipoona ugumu wa neno lile “sijui” kwa msomi aliyeipenda kazi yake, tena aliyekuwa karibu kuwa na hakika.

Bibi alifariki kabla ya mwaka 1994. Nashukuru hakuuona.

Miaka mingi baadaye walichimba kwenye miteremko ya Karisimbi. Shangazi, aliyekwisha kustaafu, alinipigia simu: wamefika chini sana, na joto walilolitarajia halipo. Nilimpa pole, maana alikuwa ameungoja mvuke huo tangu ujana wake, na nchi iliuhitaji umeme ule. Kisha nikasikia anacheka, na katikati ya kicheko analia.

Mimi siamini kwamba wafu wanakaa mlimani. Lakini siku ile, kisima kilipokutwa baridi, nilifurahi kwa ajili ya mama mmoja na mwanawe, na shangazi, pamoja na usomi wake wote, alifurahi kuliko mimi.