Kumbikumbi wa Malishoni

Sioni aibu kusema: siku ile nilikwenda kwenye yale malisho kuiba kumbikumbi. Neno kuiba ni la walinzi wa pale, si langu. Kwetu Burundi, na hata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikokulia, mdudu anayeruka hana mwenyewe mpaka atue kwenye beseni la mtu.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Louisville, Marekani. Tulikaa upande wa Iroquois, na kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi kwenye ghala moja kule Jeffersontown, zamu ya usiku. Mchana nilitafuta mahali pasipo na kuta, nikayapata yale malisho. Ardhi kavu isiyofaa kulimwa, nyasi fupi, vichaka hapa na pale, na ng'ombe wachache walioachiwa humo makusudi ili vichaka visimeze kila kitu. Palikuwa pamehifadhiwa. Kibao kilisema hivyo, na kibao hicho hicho kilisema njia ya kutembea iko wazi kwa watu wote. Binti yangu alinisomea chote. Ila mimi macho yangu yalikuwa kwenye vichuguu. Vilikuwa vingi, vya kufika magotini, na nilipoviona nikasema Mungu hajatusahau.

Nikamwambia jirani yangu, mama Mkongomani wa ghorofa ya chini yetu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bon, ukipata usinisahau. Lakini kumbikumbi ya huku, donc, itakuwa inasema Kiingereza!"

Nikangoja mvua. Ilinyesha, jua kali likafuata, nami nikabeba beseni na shuka. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hizo kila nilichomwambia kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza. Alitembea mbele yangu, mbali, ungedhani hatujuani.

Na kweli walikuwa wanatoka. Mabawa yanametameta, wanapanda juu ya nyasi, wanaanguka kwenye shuka langu. Nikawakusanya kwenye beseni. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Nikamchukua mmoja, nikamnyofoa mabawa, nikatafuna.

Loo! Uchachu wa siki, na ulimi ukawaka moto. Hawakuwa kumbikumbi hata kidogo. Walikuwa sisimizi, sisimizi wa kawaida waliovaa mabawa. Nikatema, nikacheka peke yangu hadi machozi. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anamtazama mtu anayekuja.

Alikuwa mlinzi wa hifadhi, Mzungu wa makamo mwenye kofia, anapiga kelele huku mkono umenyooshwa kuelekea getini. Nilimwelewa kabla ya kutafsiriwa. Mkono ule naujua. Kambini mama yangu alitoka nje ya mpaka wa kambi na ndoo kutafuta kumbikumbi, nami nikamfuata. Mgambo wakatutokea na fimbo. Mama alikimbia, ndoo ikamwagika, nami nikakimbia nyuma yake nikitazama nyayo zake. Nikiwa mkubwa niliapa kwamba mtoto wangu hataona nyayo zangu nikikimbia.

"Mwambie nimekosea," nikamwambia binti yangu. "Nilidhani ni chakula. Wadudu wake nawarudisha."

Akatafsiri kwa sauti ndogo. Nikainama, nikawamimina pale pale kwenye kichuguu chao, nikakung'uta shuka taratibu. Hapo yule mlinzi alikuwa na haki, na haki yake nilimpa. Lakini mkono haukushuka. Sasa alitaka tutoke, tena tusirudi.

"Muulize hii njia ni ya nani."

Akamuuliza. Jibu likaja: ni ya watu wote.

"Basi mwambie watu wote wamechoka, wamekaa."

Nikaketi katikati ya njia, beseni mapajani.

"Mom, please," alisema binti yangu, lakini akatafsiri.

Uso wa yule mtu ukaiva. Akatoa simu. Sitajifanya shujaa: niliogopa. Nilifikiria polisi, nilifikiria kazi. Hasira yangu tu ndiyo iliyonishikilia pale chini. Nimefukuzwa kwenye ardhi za watu tangu sijaota meno, na pale palipoandikwa kwamba ni pa wote, kwa nini niwe wa kwanza kutoka?

Kabla hajapiga simu alimgeukia binti yangu, akalegeza sauti, akamuuliza mimi ni nani wake. Hicho Kiingereza nilikielewa mwenyewe. Alikuwa anampa mlango wa kutokea.

Binti yangu akatazama geti, kisha akanitazama mimi. Akaja akaketi kando yangu, bega kwa bega, sisimizi wakimpanda viatu.

"Ni mama yangu," akasema. "Na hatutoki."

Alimjibu kwa Kiswahili, yule mtu asiyejua neno lake hata moja.