Nondo Iliyokatwa Nyegezi

Hii hutaiamini, na ukiisimulia kwa wenzako watakupima akili: kwenye mwamba mmoja wa Nyegezi nyundo ya chuma ilipasuka kama muhogo mbichi, na mwamba haukupata hata mkwaruzo. Aliyeishika nyundo hiyo ni Yeremia, mpwa wangu huyu aliyeketi hapa, aliyejiita fundi umeme wakati hajui hata mlango wa chuo unafungukia upande gani.

Alikuwa anafunga umeme kwa dada yake, Dorcas. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza aliyoachiwa peke yake. Kwingine kote alikuwa msaidizi, mshika ngazi. Mwanza na mawe yake unaijua. Nondo ya ethi, ile inayozikwa ili umeme ukivuja uende ardhini usimpate mtu, iligoma nusu. Yeremia akafanya wafanyavyo wengi: akachukua msumeno, akakata iliyobaki juu, akafukia. Nani atafukua?

Dorcas aliuza barafu za ukwaju. Siku ya mvua friji ikavuja umeme, naye akaishika kwa mkono wenye maji. Jeneza lilivuka kwa kivuko, wakamzika Sengerema kwa wazazi. Kila aliyemwambia Yeremia "ni mapenzi ya Mungu", yeye alisikia kama anatukanwa kwa upole. Nyumba ikakatwa umeme, ikafungwa, hakuna aliyegusa kitu.

Ndipo bwana mkubwa akakumbuka shule. Na ndevu zake akaketi darasani na watoto wa juzi, akapata cheti. Ikabaki leseni, maana bila leseni atabaki mshika ngazi mpaka uzeeni. Watoa leseni wakataka kuona nyumba aliyoifunga mwenyewe. Anayo ipi nyingine?

Mkaguzi, mama Gladness, akasimama uani kwa marehemu.

"Ethi iko wapi, fundi?"

"Hapo, mama."

"Imezama yote?"

Neno moja tu lingetosha. Yeremia akapiga magoti, akafukua kwa vidole mpaka kikatokea kipande kifupi kama mchi wa kutwangia vitunguu.

"Niliikata. Aliyefia humu ni dada yangu."

Basi hapo mkaguzi akalia, machozi ndoo nzima, akamwandikia leseni palepale, daraja ambalo Kanda ya Ziwa hajawahi kupewa mtu, na wakubwa wakaja na gari la king'ora kumchu—

"Acha, mjomba," Yeremia akasema, hakuinua hata uso. "Nilifelishwa. Na hakulia mtu."