Mashine Tuliyoiposa Barumbu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na ndoo, sabuni na kitambaa. Nani angenilaumu? Nilikuwa nimeambiwa tu kwamba makumbusho ya mashine, pale Makiso karibu na bandari, inatafuta mtu wa kutunza vitu, na kwa akili yangu ya wakati ule kutunza kulikuwa kusugua. Papa Directeur, mkurugenzi wetu, mwalimu wa zamani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniona nimeinama mbele ya cherehani kuukuu, akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka darini.

"Salima! Weka ndoo chini! Leo hautagusa kitu. Leo ni kutazama tu."

Akanivutia kiti. Akaniuliza, fundi aliyetumia cherehani ile alikuwa mtu wa namna gani? Astaghfirullah, nikajisemea, mzee huyu ananichezea. Lakini mimi ni mtoto wa fundi nguo, na babu zangu wote walikuwa mafundi na wachuuzi hapa Kisangani, basi nikatazama. Kanyagio lilikuwa limelika upande wa kulia peke yake. Nikamwambia, "Papa, huyu alikanyaga kwa mguu mmoja. Labda wa pili ulikuwa mugonjwa." Akapiga makofi kama mtoto.

"Bon! Alama hii njo musée, njo makumbusho yenyewe. Ukiisugua, utakuwa umeua mutu."

Ninyi vijana wa simu mnafikiri kazi ya makumbusho ni kukaa mlangoni na kusinzia. Sawa, tulisinzia pia, sikatai, hasa baada ya pondu, yaani kisamvu, na samaki saa za joto. Lakini ilikuwa kazi yenye mikono. Kutu tuliitoa kwa brashi ya waya laini, polepole, kisha tukapaka mafuta mepesi. Tulivaa glavu, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi, na chumvi ni chakula cha kutu. Na kila kitu kilichoingia, Papa Directeur hakuuliza kwanza jina lake wala kiwanda chake. Aliuliza: nani alikitumia, na sasa yuko wapi? Swali hilo ndilo lililotupeleka Barumbu.

Barumbu ni pa wavuvi na wachuuzi, chini huko mtoni, upande wa Basoko. Tulisikia kuna injini ya meli ya zamani imelala ufukweni, nzima, haijakatwa kuuzwa vyuma. Tukashuka na baleinière, ile mashua kubwa ya mbao inayobeba watu, mbuzi na magunia pamoja. Kweli tuliikuta. Wavuvi walikuwa wanaanika nyavu juu yake. Papa Directeur akaizunguka, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi, akasema kwa sauti ndogo, "Salima, haikosi hata kitu kimoja."

Wenyewe walikuwa watoto wa marehemu makanika wa meli ile. Mkubwa wao alikuwa Mama Georgette, muuza samaki, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo. Alisimama mbele ya injini, mikono kiunoni.

"Munamupeleka wapi?"

"Kisangani, mama. Watoto wa masomo watamuona."

"Huyu njo alitulea. Papa alitusomesha na huyu. Kwetu mutoto hatokake hivi hivi, bila kusindikizwa."

Basi tukaposa. Ninyi chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Papa Directeur alipeleka chumvi, sabuni, vitenge na mbuzi mmoja mkaidi aliyetaka kunilia mkoba. Shangazi za familia wakatuhoji hadi jasho likatutoka: atalala wapi, mvua itamnyeshea, nani atampaka mafuta? Nikainua mkono, nikasema mimi. Mama Georgette akanishika mkono ule mbele ya watu wote. "Sasa sisi ni wakwe. Kama kuna jambo juu yake, mutatuita. Hamutaamua peke yenu." Nikaahidi.

Mafundi wazee wa bandari walitusaidia kuifufua. Siku ilipowaka, ukuta ulitetemeka na mimi nikalia. Tangu hapo tuliiwasha mara moja kila mwaka, siku ya wanafunzi, nami ndiye niliyetia mazuti, yaani dizeli. Sijui kama kuna furaha iliyoizidi ile. Papa Directeur alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilikwenda kumwona kwake. Hakuniulizia mshahara wala watoto. Aliniambia, "Ile ya Barumbu, ikae nzima, Salima. Nzima." Mungu amrehemu. Kila nilichokijua kuhusu kazi kilitoka kinywani mwake.

Baada yake alikuja Mama Directrice, mkurugenzi mpya, mtu wa Bukavu, mwanamke wa utaratibu, kalamu sikioni. Nilimwogopa mwezi mzima, kisha nikampenda. Ni yeye aliyeamuru vibandiko vyote viandikwe Kiswahili na Lingala, si Kifaransa peke yake, na watu wa soko wakaanza kuingia.

Wakati wake ndipo bac ilipokufa. Bac ni kivuko chetu, kile kinachovusha watu na magari kwenda ukingo wa kushoto. Chef mécanicien wake, yaani makanika mkuu, alikuja kwetu kofia mkononi. Pampu ya injini ilikuwa imepasuka, ile inayopima mazuti na kuyasukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Injini ya bac na injini yetu zilikuwa ndugu wa kiwanda kimoja, na kiwanda hicho hakitengenezi tena pampu za aina ile. Alitafuta kila mahali. Ilibaki moja, kwetu.

"Hapana," Mama Directrice alisema. "Kitu cha makumbusho hakitoki. Kikitoka, hakirudi. Najua inchi yetu."

Alisema kweli, nami moyoni nilishangilia. Bila pampu ile, injini yangu ingekuwa bubu. Lakini maji yalikuwa yamejaa, na watu walivuka kwa pirogi, mitumbwi yetu, zilizoelemewa. Wiki ile ile pirogi moja ilipinduka. Wavuvi waliwatoa watu wote, Mungu asifiwe, ila mihogo na nguo za wamama zilikwenda na maji. Nilikuwa bandarini, nikawaona wamama wale wamekaa kwenye mchanga, wamelowa, wanatetemeka. Nilirudi nikasimama mbele ya injini nzima, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu kuitazama.

Mama Directrice akanikuta hapo. Alikuwa amesikia habari. "Wewe njo uliileta. Unasema nini?"

"Mama, iko na wakwe. Tuliahidi."

Nilifikiri atanicheka. Akatoa simu yake, akanipa nimpigie Mama Georgette.

Mama Georgette alifika na baleinière ya kwanza, na kapu la samaki wa moshi. Nilimweleza yote, sikumficha kwamba pampu inaweza isirudi. Aliizunguka injini, akainusa, akaikwangua kwa ukucha kuona kama nimeipaka mafuta kweli. Kisha akanigeukia, uso umekunjamana.

"Munamuamshaka mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka, mama."

"Ah! Salima! Miaka yote hii mumemuoa mutoto yetu, mumemuweka ndani kama picha ya ukuta? Papa yetu alimuamshaka kila asubui! Na pale inje wamama wanaanguka mu maji!" Akapiga makofi ya huzuni. "Mumutoe. Lakini hatatoka kama mwizi. Tutamusindikiza."

Chef mécanicien akafungua boliti moja moja. Mama Directrice mwenyewe alimshikia taa. Pampu tukaifunga kwa kitenge kipya, Mama Georgette akaiweka kichwani, tukatoka kwa miguu kuelekea bandarini, yeye akiimba wimbo wa kumtoa bibi arusi. Watu wa toleka, wale wanaobeba abiria, walisimamisha baiskeli zao wakauliza, arusi ya nani? Tukawajibu, ya bac! Wengine wakacheka, wengine wakafuata. Nililia njia nzima, kwa uchungu na kwa furaha, sikujua kipi kilizidi.

Nisiwadanganye: siku ya wanafunzi iliyofuata iliniuma sana. Watoto walikaa kimya wakisubiri ngurumo, na ngurumo haikuwepo. Mama Directrice alikuwa ameandika kibandiko kwa mkono wake na kukiweka penye lile pengo: PAMPU IKO KAZINI. Watoto wakauliza, kazini wapi? Nikawapeleka ukingoni wakaione bac ikivuka.

Sasa nimestaafu. Nashukuru kwa kila mtu aliyenifundisha, hata kwa kelele zao. Nikiulizwa na vijana wa kazi yetu, kitu kitoke au kisitoke, huwa nawaambia waulize kwanza wakwe zake ni nani.

Siku niliyokabidhi funguo, Mama Georgette alipanda mto kuja kunisalimia. Nikataka kumpeleka ndani kwanza. Akakataa, akanivuta hadi kwenye bac. Ilikuwa imejaa. Juu ya kifuniko cha injini alikaa mama mmoja muuza mihogo, ananyonyesha mtoto, amejinyoosha kama yuko sebuleni kwake.

"Mama, sogea kidogo," Mama Georgette akamwambia. "Umekalia binti yetu."

Yule mama akatazama chini, akatutazama sisi, mabibi wazee wawili. Akasogea. Tukakaa wote watatu, kifuniko kikitetemeka chini yetu, hadi ng'ambo.