Mzee Ng'amilo na Majina ya Wageni

Wenzangu tuliozaliwa Ifakara Mjerumani akiwa bado na nguvu, mtakumbuka kwamba jino likitoka ulitakiwa ulirushe juu ya paa. Mimi yalinitoka mawili ya mbele siku moja, kwa muwa, na moja nikalimeza. Nililia mpaka bibi akasema, "Nyamaza, mjukuu wangu, hilo litaotea tumboni." Kwa yale mapengo sikuweza kutamka f wala s. Kaka zangu wakawa na mchezo: "Haya, sema fisi!" Natoa upepo mtupu, wanagaagaa chini kwa kicheko.

Asiyenicheka alikuwa mzee Ng'amilo, mvushaji wetu. Tulivuka kwa mtumbwi wake kwenda shamba la mpunga, na alikuwa na desturi yake: hagusi pondo, ule mti wake mrefu wa kusukumia mtumbwi, mpaka kila abiria ataje jina, naye alirudie sawasawa. Mto ule una mamba na viboko. Alisema, "Ukizama, nikulilie kwa jina gani? La kubahatisha?" Alisubiri hata langu la mapengo.

Basi hapo ndipo wageni walipomstaajabia. Bwana mkubwa wa Kijerumani aliitwa Pflaum. Sisi Wandamba tulimwita Fulaumu, maana kinywa chetu hakipendi herufi zisongamane, tunazipa nafasi zipumue. Askari wake wa kutoka Sudani alimwita Bilaum, kwao p haipo. Kila mtu alimkata bwana yule kwa kipimo cha mdomo wake. Vijana wa siku hizi wakishindwa jina la mgeni wanamwita "wewe", imekwisha. Mzee Ng'amilo, ambaye hakuona darasa (mimi mwenyewe niliona kidogo tu), siku bwana alipokuja kuvuka alimtazama midomo, akamwomba aseme tena, na tena. Kisha akafunga midomo kama mtu wa kusema p, akaipasua kwa f: Pflaum!

Bwana alicheka kwa furaha. "Miaka mitatu katika nchi hii, wewe ndiye wa kwanza!"

"Na mimi ni Ng'amilo, bwana."

"Nagamilo."

"Bado. Ng'a. Puani, bwana, kama ng'ombe."

Bwana mzima, mwenye bastola, akakazana na ng'a kama mtoto wa chuoni mpaka akaipata. Sijaona tena heshima ya namna ile kati ya watu wawili, nawaambia kweli.

Lakini ulikuwa mwaka wa Maji Maji. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amekunywa ile dawa, na siku nne nyuma alivuka palepale kwenda Mahenge na wenzake kumi na mmoja. Kila mmoja alitaja jina. Sasa mimi na mama tumo mtumbwini na bwana, na yule askari, na bwana bado anatabasamu.

"Ng'amilo, una kichwa kizuri. Waliovuka wiki hii kwenda vitani, nitajie."

Mama alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Waliokamatwa walikuwa wakinyongwa, hilo hata watoto tulilijua.

"Nikishika pondo sisemi, bwana," mzee akajibu. "Tufike kwanza."

"Tukifika, basi. Ukikataa, kamba itakuwa yako."

Alituvusha taratibu, bila kuyumba, kama siku zote. Ng'ambo akamshika mama mkono akashuka, akanishusha na mimi, akaniita jina langu. Akamtoa bwana, akamwita Pflaum, vilevile kwa usahihi. Akalaza pondo ndani ya mtumbwi.

"Naomba niende haja, bwana. Kisha tutazungumza."

Bwana akakubali kwa kichwa, akatoa kitabu chake cha kuandikia, akachonga kalamu. Mzee Ng'amilo akaingia kwenye matete kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Tulimsubiri mpaka jua likatuchoma utosini. Hakurudi, siku ile wala nyingine yoyote.