Shangazi na Lifti za Angani

Shangazi yangu ni fundi wa lifti, na kazini kwao wanamwita Mama Ghorofa. Ukikwama katikati ya ghorofa, ukabonyeza kila kitufe na kumwita Mungu kwa majina yake yote, atakayekuja kukutoa ni yeye. Atakuja na ovaroli la buluu na ufunguo mrefu unaoning'inia kiunoni, na swali lake ni lile lile kila siku: "Mlikuwa wangapi humu?" Jibu huwa la uongo. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo hajakutana na abiria hata mmoja aliyekiri kwamba walijazana.

Wanawake wa rika lake wana starehe za heshima. Wana kwaya, wana vitambaa vya kufuma, wana majirani wa kusengenya. Shangazi, akishatoa mafuta ya mashine kwenye kucha na kula chakula chake, huketi mbele ya runinga na kuua viumbe wa sayari nyingine.

Mwalimu wake alikuwa baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa. Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate katika mji mwingine. Mimi ninakaa na Shangazi kwa sababu duka la dawa ninapofanya kazi liko karibu na kwake, kwa hiyo nimeyaona haya kwa macho yangu, sikusimuliwa. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Hawakubaliani nani aliyepaswa kukarabati paa la nyumba ya wazazi. Hawakubaliani nani alipendwa zaidi. Hata kaburi la bibi, kila mmoja ana lake analoliwekea maua.

Lakini waweke kwenye kochi moja na gemu ile ya askari wa angani, wanakuwa chanda na pete. Gemu yenyewe ilikuwa na jina refu la kizungu ambalo hakuna aliyejisumbua kulitamka, sisi tuliiita Angani tu. Skrini iligawanyika vipande viwili, Baba juu, Shangazi chini, wakakimbia pamoja kwenye mabonde ya sayari nyekundu.

"Nifunike, kaka!"

"Nipo, mdogo wangu, songa!"

Sijawahi kumsikia Baba akimwita "mdogo wangu" mahali pengine popote. Akiwa hana bunduki mkononi humwita "huyo dada yangu."

Basi ikatangazwa kwamba Angani sehemu ya pili inakuja. Tangazo lake lilikuwa na mlipuko, nyota, muziki wa kutisha, na jitu kubwa kama mlima. Kisha watengenezaji wakaomba radhi kwamba itachelewa. Wakaomba tena. Kila walipoomba walisema wanataka kutupa kilicho bora, na Shangazi, mwanamke asiyemwamini hata mtabiri wa hali ya hewa, aliwaamini. "Waache waipike iive," alisema. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wahenga hawakuwa na runinga.

Siku ilipokaribia aliomba likizo. Msimamizi wake alishtuka, maana Mama Ghorofa na likizo walikuwa hawafahamiani.

"Unasafiri?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Mbali."

Hakudanganya.

Baba naye akachukua likizo, akapanda basi, akafika na begi, mikate ya kiwandani kwao, na mto wake wa kuegemea, kwa sababu mgongo wake na kochi la Shangazi wana ugomvi wao binafsi. Mama yangu alibaki nyumbani. Alisema amepata nafasi adimu ya kuwa mjane bila kuzika mtu, na hataichezea.

Wakaketi. Wakaweka sahani ya gemu, ile diski yake, kwenye mashine ya kuchezea. Mashine ikawaarifu kwa adabu zote kwamba wasubiri, kwani inashusha kutoka mtandaoni vitu ambavyo havimo kwenye sahani.

"Sasa kwenye sahani wameweka nini?" Baba akauliza.

"Salamu," akasema Shangazi.

Wakanywa chai. Wakala mikate. Wakagombana kidogo kuhusu paa. Baba akasinzia, akaamka, mashine bado inashusha. Gemu ilikubali kufunguka kesho yake mchana, nami nilikuwa nimerudi kula. Shangazi akashika rimoti yake ya kuchezea, Baba akashika yake, wakaanza kutafuta mahali pa kuchagua wachezaji wawili. Walipekua kila kona. Mwisho wakaniita mimi nisome maelezo.

Nikasoma. Nikatamani nisingekuwa najua kusoma.

"Wawili wanaruhusiwa," nikasema, "lakini kila mmoja awe na mashine yake, na gemu yake, na mtandao wake."

"Yaani kila mtu kwake?" Baba akauliza.

"Ndiyo."

"Na tukishakuwa kila mtu kwake, hapo ndipo tunakuwa tumekaa pamoja?"

Shangazi alichukua rimoti ya pili, akaizungushia waya wake polepole, akairudisha kwenye droo kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Wakakubaliana kupokezana. Shangazi akaanza. Askari akaamka kutoka usingizi wa miaka elfu moja, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuongea. Katika sehemu ya kwanza askari yule alikuwa mtu wa vitendo. Huyu alikuwa mtangazaji. Akiona mlango: "Mlango huu umefungwa." Akiona giza: "Hapa ni giza." Akipigwa risasi: "Nimepigwa!"

"Asante," Shangazi akamjibu. "Nilidhani umebusiwa."

Kisha akaingia kwenye lifti. Mlango ukajifunga. Askari akasimama. Akaendelea kusimama. Taa ikapepesa, kitu kikanguruma, na askari akasimama.

Shangazi akazungusha macho ya askari, akakagua dari, akakagua kuta. "Mbona haina namba za ghorofa? Na hicho ninachosikia ni kamba inalia, hiyo haijapakwa grisi." Akangoja. "Inakwenda wapi lifti hii?"

Nikamweleza nilichosoma: kwamba haiendi popote. Mashine inaandaa uwanja unaofuata, na lifti ni pazia la kukufanya usione.

Akanigeukia. "Kwa hiyo mimi, nimeomba likizo nipumzike na lifti, nimekuja kusimama ndani ya lifti ambayo haiendi popote."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kicheko chake hakikudumu, maana lifti ziliendelea kuja. Ukimaliza ujia, lifti. Ukiua wachache wa wale maadui wenye umbo la wadudu, lifti. Sayari nzima ilikuwa jengo la ofisi. Moja kati ya hizo ikakwama, askari akapenya sakafuni kama maji kwenye chujio, akaanguka kwenye weupe usio na mwisho huku akitangaza, "Hapa pananitia wasiwasi." Shangazi akaweka mkono kifuani. Hajawahi kupoteza abiria.

Maadui nao walikuwa wa kuhurumia. Wale wa zamani walikuwa na akili, walikuzunguka, walikuvizia nyuma ya mawe. Hawa wapya walisimama wakitazama ukuta, kama watoto waliopewa adhabu. Shangazi alimsogelea mmoja mpaka karibu kabisa na kisogo. Hakugeuka.

"Sasa huyu nimuue kwa kosa gani?" akauliza.

Zamu ya Baba ilipofika, hakutaka kuitoa. Kila Shangazi aliponyoosha mkono alisema, "Ngoja nimalize hapa," na hapo hapakuisha. Jioni ya siku ya pili Shangazi akamwambia tangu utotoni yeye ni mchoyo. Baba akasema mchoyo ni yule aliyeng'ang'ania cherehani ya mama yao. Kutoka kwenye cherehani wakafika kwenye paa, kutoka kwenye paa wakafika kaburini kwa bibi, na kule hawakuwahi kurudi wakiwa wanasemeshana. Baba akamrushia rimoti, akatia mto wake kwenye begi, akavaa viatu.

"Nenda," Shangazi akasema, macho kwenye runinga, akicheza kwa hasira. "Mabasi yapo."

Baba alikuwa ameshashika kitasa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, sijui nimshike nani. Ndipo gemu ile, ambayo haikuwahi kufanya jambo la maana, ikamwaga kundi la wadudu kutoka darini, wazima, wenye akili zao, wakamvamia askari kutoka pande zote. Shangazi akapiga kelele bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka:

"Nifunike, kaka!"

Begi likaanguka. Baba alivuka sebule na viatu vyake vya safari, akaangukia kochini, akatafuta rimoti ya pili, hakuiona. Basi akashika upande wa kushoto wa ile aliyoshika dada yake.

"Nipo! Wewe piga, mimi natembea!"

Kwa asiyejua vidude hivyo: kidole gumba cha kushoto humtembeza askari, cha kulia humgeuza macho na kupiga risasi. Kazi ya mtu mmoja. Wao wakaigawana. Askari akawa anatembea kuelekea kushoto huku anatazama kulia, kama mlevi anayejifanya mzima mbele ya mkwewe. Akajigonga ukutani. Akarudi nyuma bila sababu. Lakini wadudu wakaisha mmoja mmoja, na wa mwisho alipokufa wote wawili walikuwa wanahema, wamebanana bega kwa bega, wameshika kidude kimoja kama watu wanaogombea mkia wa samaki.

Hakuna aliyeomba msamaha. Katika ukoo wetu msamaha hauombwi, unapikiwa chai. Shangazi akaenda kuchemsha.

Walimaliza gemu yote hivyo, nusu kwa nusu, huku wakiitukana. Walitumbukia kwenye kila shimo lililokuwepo, na mengine nadhani waliyachimba wenyewe. Lile jitu la kwenye tangazo, kubwa kama mlima, walipolifikia lilikuwa limebanwa mguu na mlango wa lifti. Lilinguruma likitazama dari. Wakalipiga mpaka likafa, bila fahari yoyote. Askari akasimama juu ya mzoga, akatangaza, "Vita ndiyo kwanza inaanza."

"Ianze bila mimi," Baba akasema.

Baba alipoondoka, Shangazi aliwaandikia watengenezaji kwa simu. Aliandika kwa utaratibu, bila matusi, akaeleza habari ya wachezaji wawili. Jibu lilifika kabla hajaweka simu mezani. Walimshukuru kwa upendo wake na wakamwomba awape nyota tano za kuisifia gemu.

"Wamenishukuru kwa upendo," akaniambia. Alikuwa anaosha vikombe. Nilitegemea kejeli nyingine, nikajiandaa kucheka, ila hakuitoa. "Unajua, hao maadui wa kutazama ukuta ningewasamehe. Hata hizo lifti. Lakini aliyetengeneza ile ya kwanza alikuwa na ndugu. Ukicheza unamjua. Alikuwa mtu aliyekaa kochini na ndugu yake. Huyu wa sasa sijui amelelewa wapi." Akafuta kikombe kikavu kwa muda mrefu.

Baba hakukubali kushindwa. Akapata mashine yake, sijui alimlaghai nani, ili wacheze kama gemu ilivyoagiza, kila mtu kwake. Jumamosi mchana wakaunganishwa. Shangazi akavaa vidude vya kusikilizia masikioni, sauti juu mpaka nami naisikia, akakaa peke yake kwenye kochi, mahali pa Baba pakiwa patupu. Askari wawili wakasimama kwenye sayari. Mmoja akaganda, mguu mmoja hewani.

"Kaka, tembea!"

"Da... da... nak... kuja!" Sauti ya Baba ilikuja kama ya mtu aliyemeza mchanga. "Wifi... inasumbua!"

"Wifi hajawahi kumsumbua mtu," Shangazi akamjibu. "Wewe ndiye unayemsumbua, tangu siku ya ndoa."

"Si huyo! Wifi ya... mtandao!"

Nyuma yake tukamsikia Mama, wazi kabisa, bila kukatika: "Nani anasema nasumbua?"

Baba akaanza kujieleza kwa watu wawili kwa wakati mmoja, na askari wake, akiwa bado ameinua mguu, akaliwa na wadudu. Wa Shangazi akafuata. Mashine ikawauliza kama wamefurahia. Shangazi akavua vile vya masikioni, akazima.

Wiki iliyofuata mlango uligongwa. Baba alikuwa na mto kwapani, na nyuma yake alikuwa Mama na mkoba wake, amekuja, alisema, kumwona huyo wifi anayesumbua. Akapata kiti, akawatazama wanavyobanana kwenye rimoti moja, mmoja atembea, mmoja apiga. Alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akasogeza kiti.

"Na mimi nishike wapi?"

Wakaangaliana. Kilichobaki kilikuwa kitufe cha kufungulia milango. Wakampa.

Mama hajawahi kucheza kitu chochote maishani, na hana subira. Anabonyeza kabla askari hajafika, anabonyeza kwenye kuta, anabonyeza askari akiwa amekufa. Baba anatembea, Shangazi anapiga, na katikati yao Mama anabonyeza kwa nguvu zote kama mtu anayeita lifti iliyochelewa.

"Wifi," Shangazi anamwambia, "subiri tufike kwanza mlangoni!"

"Mnachelewa," anasema Mama, na anabonyeza tena.